Ile Tisheti Nyeusi Si Mapigo ya Moyo

Wiki iliyopita kaja kijana na simu mkononi, ndani yake picha ya tisheti ya Unknown Pleasures, albamu ya bendi ya Joy Division: nyeusi, ina mistari myeupe yenye vilima, mmoja chini ya mwingine. "Fundi, nataka ile nyeusi ya mapigo ya moyo. Halafu chini uniandikie jina la mchumba wangu." Huyo ni wa nne tangu Idi. Kabla yake alikuja dada mmoja aliyeiita milima ya Uluguru, na mwingine akanibishia kuwa ni wimbi la sauti la wimbo wa bendi hiyo, eti kalisoma mahali. Nachapa tisheti kwa skrini miaka 16 sasa, na michoro ya bendi za enzi za punk, ile roki ya fujo ya miaka ya 1970, ndiyo ugonjwa wangu. Hili leo nalimaliza.

Mistari ile ni nyota. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu pale chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliona kwenye karatasi za darubini ya redio alama ndogo ambayo haikueleweka. Walipoipima wakakuta inajirudia kila baada ya sekunde 1.337, haichelewi wala haiwahi. Ilikuwa pulsa ya kwanza kujulikana duniani, ikaitwa CP 1919: mabaki ya nyota iliyokufa, yanajizungusha na kumulika mawimbi ya redio kama mnara wa taa unavyomulika bahari. Kila mwale ukitupitia, darubini inadaka pigo moja. (Tuzo ya Nobel ya 1974 alipewa msimamizi wake pamoja na mwenzake, yeye akaachwa. Hilo nalo linaniudhi, lakini si kesi ya leo.)

Mchoro wenyewe ulikuja baadaye. Harold Craft, aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua mapigo 80 yaliyofuatana, yaliyodakwa na darubini ya Arecibo kule Puerto Rico, akaipa kompyuta iyapange moja chini ya jingine. Ukaingia kwenye tasnifu yake ya 1970, na baadaye kwenye ensaiklopidia ya astronomia ya mwaka 1977. Humo ndimo mmoja wa vijana wa Joy Division, bendi ya Manchester, alipouona, ukafikishwa kwa msanifu Peter Saville. Saville akageuza rangi tu: mistari myeusi ikawa nyeupe, karatasi nyeupe ikawa nyeusi. Juni 1979 albamu ya Unknown Pleasures ikatoka, na mbele ya jalada hakuna jina la bendi wala la albamu.

Kwa hiyo sauti haimo. Mawimbi ya redio hayasikiki kwa sikio, na urefu wa kila kilima ni nguvu ya mawimbi hayo pale mwale ulipopita. Kule pembeni kunakotetemeka kidogo kidogo ni vurugu za kawaida za redio tu, nyota haijatuelekea. Kijana wangu alipatia nusu: ni mapigo kweli, ila ya maiti ya nyota.

Mtu ataniuliza, fundi, inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu picha wanazoniletea nyingi ni za bandia. Mtu kachora mstari mmoja, akaunakili mara 30, basi. Chukua ile halisi, weka kucha juu ya mstari wowote, fuata mpaka kwenye kilele, kisha shuka mstari wa chini yake. Kilele kimehama. Hapa kuna vilima viwili, pale kimoja, pale karibu hakuna kitu. Muda kati ya pigo na pigo ni kama haubadiliki, lakini hakuna mapigo mawili yenye sura moja. Utamu wote uko hapo. Ukinakili, umebaki na mikunjo ya pazia.

Tena usikubali fundi akuchapie hii kwa skrini ya nyuzi 43 kwa sentimeta aliyochapia tisheti za kampeni. Mistari itaungana, vilele vitakuwa uji. Mimi naweka ya nyuzi 77, napitisha wino mweupe, naukausha juu juu kwa hita, kisha napitisha tena fremu ikiwa palepale. Wala usiniombe ndogo ya mfukoni. Mistari 80 haikai kwenye sentimeta 6, na sibishani tena juu ya hilo.

Maneno mengine ninayoyasikia juu ya punk ni mepesi kuyajibu. "Punk ni muziki wa Wazungu." Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex ya London, baba yake alikuwa Msomali. Kwenye klabu ya Roxy, hukohuko London, mwaka 1977 didijei alikuwa Don Letts, mtoto wa Wajamaika, akipiga rege kwa sababu rekodi za punk zenyewe zilikuwa bado za kuhesabu. Na kule Detroit ndugu watatu weusi, bendi yao ikiitwa Death, walikuwa studio mwaka 1975, Ramones, bendi ya punk ya New York, hawajatoa albamu hata moja.

"Herufi za kukata magazetini zipange ovyo tu, ndiyo punk." Hapana. Jamie Reid, msanifu wa bendi ya Sex Pistols, alizoea mkasi na gundi kwenye kijarida chao cha Croydon, ambako hela ya kupangisha herufi haikuwepo. Lakini tazama kazi yake ya God Save the Queen, 1977: jina la wimbo limeziba macho ya Malkia, jina la bendi limeziba mdomo. Uovyo uko wapi hapo?

"Nguo zao zilikuwa matambara ya bei ya chee." Suruali za Vivienne Westwood na Malcolm McLaren, wenye duka la nguo za punk London, zile zenye mkanda unaounganisha mguu na mguu, hazikuwa bei ya kijana asiye na kazi. Vijana wengi walichana za kwao nyumbani wakazishika kwa pini za nepi.

Kuna mteja aliokota ya Ramones kwenye mtumba, akaniletea nifute nembo, akihofia MP, polisi wa jeshi, watamkamata kwa kuvaa nembo ya jeshi. Nikamwambia amtazame vizuri yule tai. Arturo Vega, msanifu wao, aliiga muhuri wa Rais wa Marekani, ila mguu mmoja akaupa tawi la mtufaa na mwingine gongo la besiboli. Jeshi gani hilo? Akaondoka nayo ameivaa.

Na kiduku. Picha za 1976 na 1977 zimejaa nywele fupi zilizokatwa vibaya na kusimama kila upande. Kile kiduku kirefu kilichogandishwa kilienea miaka ya 1980 ilipoanza. Ukitaka mtu wa kiduku kifuani nitakuchapia, hela ni yako, lakini "1977" chini yake siandiki.