Kichocheo si mbolea: kuongeza viambata vya dawa kwenye mizizi ya maabara

Maswali ya wajasiriamali wa tiba asili wa Arusha na Moshi yameongezeka, na mengi ni lile lile: tuweke nini kwenye chupa ili mizizi itoe dawa zaidi? Wengi wanadhani ni kuongeza virutubisho. Sivyo. Virutubisho hunenepesha mizizi. Viambata vingi vya dawa ni silaha za mmea, na mmea huzitengeneza kwa wingi ukihisi umevamiwa. Kichocheo, mfano methili jasmoneti, huupa mzizi ishara ya uvamizi bila adui kuwepo.

Tuchukue Withania somnifera, maarufu kama ashwagandha, mizizi yake ikiwa imeoteshwa kwa bakteria Agrobacterium rhizogenes, ambaye huingiza jeni zake kwenye mmea na kuufanya uote mizizi mingi. Mizizi hii haihitaji homoni. Weka mililita 50 za mchanganyiko wa MS (virutubisho vya Murashige na Skoog vya kukuzia mimea maabara) wa nusu nguvu kwenye chupa ya mililita 250, sukari gramu 30 kwa lita, pH 5.8, na mizizi mibichi nusu gramu. Chupa zikae gizani kwenye nyuzijoto 25, zikitikiswa mizunguko 90 kwa dakika.

Kichocheo huingia karibu siku ya 21, ukuaji unapoanza kupungua kasi. Yeyusha miligramu 224 za methili jasmoneti katika ethanoli, ujazo ufike mililita 10, pitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.22, kisha weka maikrolita 50 kila chupa. Utapata maikromola 100 kwa lita. Chupa za kulinganishia zipate ethanoli tupu kiasi hicho hicho, la sivyo hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Vuna baadhi siku ya 3, nyingine siku ya 7, upime.

Ukiwahi, ukuaji husimama. Ukizidisha, mizizi hugeuka kahawia. Usimwage maji ya chupa kabla ya kuyapima, kwani sehemu ya viambata huvujia humo. Na tafadhali, acheni kutuletea asilimia ya kiambata kwenye mizizi peke yake: kiwango kikipanda mara mbili huku uzito wa mizizi ukishuka nusu, hujaongeza kitu. Hesabu miligramu za kiambata kwa lita.

Ombi la artemisinini, dawa ya malaria itokayo kwenye mmea Artemisia annua, kutoka kwenye mizizi nalo lifike mwisho. Artemisinini hutengenezwa kwenye vitezi vya majani na maua, mizizi haitakulipa.

Mizizi hii imebeba jeni za bakteria, hivyo kwa tahadhari tunaishughulikia kama kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki. Haitoki maabara ikiwa hai, haipandwi shambani, haitupwi jalalani. Mabaki yote, pamoja na maji na glavu, hupita otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu) kwa nyuzijoto 121, dakika 30, na tarehe, idadi ya chupa na sahihi huandikwa daftarini. Maombi ya vibali vya viumbe hivyo hupelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais, kwa mujibu wa kanuni za Tanzania za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Kumwaga chupa moja mtaroni bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani, hata kama nia yako ilikuwa njema.