Kozi ya Pamoja Mtandaoni: Tunavyodhani na Mambo Yalivyo

Dhana: Mihadhara ikisharekodiwa na kupandishwa mtandaoni, kozi iko tayari.

Hii ndiyo inayotuangusha zaidi. Tulipokuwa tukiandaa kozi ya maendeleo endelevu na chuo kimoja cha Ulaya, wenzetu walituletea video za saa nzima, safi kabisa. Lakini saa moja ya video inayopita kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula takriban megabaiti 450, na hapa Uganda bando linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Sauti ya mhadhara uleule, ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 15.

Mwanafunzi wetu mmoja alisomea Mbale, kwenye kibanda cha dada yake cha kutoa na kuweka pesa za simu. Wateja wakipungua anavaa spika za masikioni, anasikiliza, anaandika nyuma ya daftari la mahesabu. Video hakufungua hata moja. Insha yake juu ya maporomoko ya ardhi ya Bududa ndiyo wenzake wa ng'ambo waliyoijadili wiki nzima.

Kwa hiyo uliza kwanza mwanafunzi atafanya nini na ana kifaa gani, video ije baadaye ikihitajika. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni ambayo MUELE, jukwaa la masomo la Chuo Kikuu cha Makerere, limejengwa juu yake, ina programu ya simu ya kupakua masomo usiku na kuyasoma mchana bila mtandao. Wahadhiri wengi hawawaambii wanafunzi habari zake siku ya kwanza, na hilo linaniuma.

Dhana: Malengo ya Maendeleo Endelevu ni 17, basi tugawe kozi kwa wiki 17.

Umoja wa Mataifa uliyapitisha mwaka 2015 yakiwa na shabaha 169, na yameshikana kama nyuzi za mkeka. Nenda Nakivubo, hapo Kampala. Mfereji unaleta maji machafu ya jiji, kinamasi kinayachuja kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison, na ni kwenye ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa. Humo kinamasini watu wanalima magimbi. Mafunjo yakifyekwa gimbi likapandwa, familia inakula, lakini kichujio cha jiji kinapungua. Njaa, maji, miji na viumbe hai, vyote viko kwenye tope moja. Utalipangia wiki ya ngapi?

Dhana: Wenzetu wa Ulaya walete nadharia, sisi tulete mifano.

Hapana. Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, inasongwa na mwani kwa sababu ya mbolea na majitaka, sawa na Ziwa Victoria. Tuliwapa wanafunzi wa Kampala kazi ya kuzihoji takwimu za Baltiki, na wa Ulaya wakapewa Nakivubo. Maswali makali zaidi yalitoka Kampala, maana hao tatizo lenyewe wanalijua kwa harufu.

Dhana: Krediti ni krediti.

Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi. Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, kujisomea kukiwemo. Kwetu ni saa 15 za kuwa na mwalimu. Msipolimaliza hili kabla ya kufungua usajili, mmoja atabeba mzigo mkubwa kuliko mwenzake kwa krediti zilezile.

Dhana: Saa ni jambo dogo.

Ulaya hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, Uganda haibadili. Kipindi chetu cha saa kumi alasiri kilihamia saa kumi na moja katikati ya muhula, na waliokuwa na vibarua vya jioni wakakikosa. Tena ukiandika "10:00", wapo wanaoisoma kama saa kumi alasiri, wakaingia darasani wamechelewa kwa muda wa saa sita, wenzao wameshatoka zamani. Sasa ratiba yetu inatanguliza saa ya Kampala, tena kwa maneno: saa nne asubuhi.