Chura hakupi chunjua

Watu wengi wanaotaka kufuga chura kwa mara ya kwanza wanaogopa kitu kimoja, eti ukimshika tu utaota chunjua. Hapana jamani, chunjua huletwa na virusi vya HPV na hivyo unavipata kwa binadamu mwenzio, vile vinundu vya mgongoni kwa chura ni tezi za ngozi tu. Cha kuogopa ni salmonela, bakteria wanaoharisha watu, kwa hiyo ukimgusa nawa mikono kwa sabuni. Ila anayeumia zaidi ni chura mwenyewe, ngozi yake inapitisha maji na hewa, losheni ya kiganjani kwako inapenya humo humo. Mi ningesema anza na chura wa kumtazama tu bila kumshika, mfano aina ya Ceratophrys, bonge lile lenye mdomo mpana, kutwa limejifukia kwenye udongo macho tu ndo yako nje.