Frere Town: kaburi lililotangulia kanisa

Watu wakiniuliza Frere Town, makazi ya misheni ya Kikristo ya waliokombolewa utumwani, bara ya Mombasa, ilianzia wapi, hutaraji niwapeleke kanisani, au Kengeleni, palipokuwa na kengele ya kuwatahadharisha watu wavamizi wa watumwa wakionekana. Mimi huanzia kaburini.

Rosina, mkewe mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alifariki Mombasa kwa homa Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua. Kitoto chake cha kike kikamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, wakati misheni ya Rabai bado haijafunguliwa. Frere Town ikaja 1875, miaka 31 baada ya maziko yale. Krapf mwenyewe amelala mbali, Kornthal, Ujerumani.

Waliokuja kuijaza Frere Town walikuwa Wambombay na mateka. Wambombay ni Waafrika waliokombolewa wakiwa wadogo, wakalelewa Nasik, India, wakarudi wakijua ufundi na kusoma. Mateka walitolewa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Wengi walichukuliwa kwao utotoni. Hawakujua kitovu chao kimezikwa wapi, wala hawakuwa na kaburi la babu la kupalilia. Ndiyo maana nauthamini sana uwanja wa makaburi wa misheni. Ukoo ulipomzika mtu wake wa kwanza pale, wajukuu walipata mahali pa kusema, "Hapa ndipo kwetu."

Shida kubwa ya kuyasoma makaburi ya namna hii ni majina. Chukua William Jones: ukikuta jina hilo peke yake, utadhani ni Mwingereza. Alikuwa Mmbombay. Mwaka 1885 yeye na Ishmael Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington, na mwaka huohuo Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi walionusurika. Ubatizo uliwapa wengi majina mapya, la kwao likabaki midomoni mwa jamaa tu. Na huyo ni mtu aliyeandikwa. Maskini aliwekewa msalaba wa mti, mchwa wakaumaliza.

Kwa hiyo siendi makaburini peke yangu. Humwomba kwanza mzee wa Wamisheni, yaani kizazi cha wakazi hao wa misheni, anioneshe nani kalala ubavuni mwa nani, na nyumbani waliitwaje. Daftari la ubatizo nalifungua baadaye.