Damu kwanza: ninavyofundisha uzazi wa mpango

Katika chumba chetu cha uzazi wa mpango kuna bango la njia zote, kuanzia kondomu hadi kufunga kizazi. Mteja akiketi silianzi hilo. Ukimsomea mtu njia kumi mfululizo, ataondoka na ileile aliyosikia kwa jirani. Mimi ni muuguzi mkunga, na naanza na maswali: una watoto wangapi, mwingine unamtaka lini, baba watoto anajua umekuja, na je, siku zako zikibadilika itakuletea shida gani nyumbani?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua mengi. Wengi ninaowaona wakija kutoa kijiti (kile cha homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono) au kuacha sindano, njia yao haijashindwa kuzuia mimba. Wamechoka na matone ya kila siku, au hedhi imekatika na mama mkwe ameanza kuuliza. Kwa Mwislamu kuna swala na funga pia, na hayo hayawezi kusubiri mpaka damu ianze kumchanganya. Hakuna aliyewaeleza mapema, na hilo linaniuma, kwa sababu maelezo yenyewe ni ya dakika tano.

Uvumi ninaoukuta mara kwa mara ni kwamba damu isiyotoka inaganda tumboni na kugeuka uvimbe. Kumwambia mtu "huo ni uongo" hakusaidii, maana yeye ameona kwa macho kwamba damu haitoki na anataka kujua imekwenda wapi. Basi namweleza hivi: kila mwezi mji wa mimba hutandika kitanda cha kumpokea mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko yanatolewa, na hiyo ndiyo hedhi. Homoni iliyo kwenye sindano au kijiti inazuia kitanda kisitandikwe sawasawa, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Hapo namwona anatulia. Matone ya miezi ya mwanzo nayo yanaeleweka: ukuta wa ndani wa mji wa mimba, yaani kile kitanda, umekuwa mwembamba na unachubuka hapa na pale.

Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, kina tabia tofauti. Hakina homoni kabisa, kinaweza kukaa hadi miaka 12, lakini miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo huuma zaidi. Mama ambaye tayari ana upungufu wa damu na hedhi nyingi lazima alisikie hilo kabla hajapanda kitanda cha kuwekewa.

Baada ya hapo ndipo natoa sampuli. Kijiti nakiweka kiganjani mwake akione: kinakaribia urefu wa njiti ya kiberiti, na ni laini, kinapinda. Kikishawekwa, nachukua kidole chake mwenyewe na kukipitisha juu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, mpaka akiguse. Aliyekigusa mwenyewe haogopi tena kwamba kitasafiri mpaka kwenye moyo, na anajua kwamba siku akikikosa hapo aje tukitafute. Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miaka mitatu. Jadelle ni viwili, miaka mitano.

Uwezo wa njia nautaja kwa hesabu ya watu. Katika wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka mzima, pamoja na kusahau kwao kwa kawaida, kama 7 hupata mimba. Sindano ni kama 4, kondomu ya kiume kama 13. Kwa kijiti hata mmoja ni nadra. Kondomu naitetea hata hivyo, kwani ndiyo peke yake kati ya hizo inayokinga na magonjwa ya ngono.

Kwa sindano ya miezi mitatu (Depo-Provera) naongeza jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukiiacha, uzazi unarudi, ila kwa wastani unachelewa miezi minne hivi zaidi ya ambavyo ungechelewa kwa njia nyingine. Anayetaka mtoto mwakani anastahili kulijua hilo leo.

Dawa nyingine anazotumia naziuliza kila mara. Rifampisini ya kifua kikuu inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti, na efavirenzi ya VVU inapunguza nguvu ya vijiti. Kitanzi hakiguswi na dawa hizo, wala sindano ya Depo-Provera.

Kabla hajaondoka simuulizi kama ameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu "ndiyo, nesi". Namwambia: "Mumeo akikuuliza usiku huu mbona damu inatoka tena, utamjibuje?" Akinieleza habari za ukuta mwembamba kwa maneno yake, tumemaliza. Akisitasita, tunarudia, hata kama benchi la nje limejaa.

Kisha namtajia mambo ya kumrudisha mara moja: damu inayozidi maradufu ya kawaida yake au kupita siku nane, maumivu makali ya tumbo la chini, usaha mahali palipochanjwa. Hata kwa matone yanayomkera tu, aje; yapo matibabu, ibuprofeni ya siku chache ikiwemo. Na akiamua kutoa, tunatoa siku hiyohiyo, bila kumgombeza na bila kumdai sababu.