Fun House ya The Stooges: ukali ule haukuja kwa bahati

Ukiitaja albamu ya Fun House mbele ya mashabiki wa roki, hukosi kuambiwa mambo mawili: kwamba ni kelele tupu, na kwamba ndiyo mama wa panki, ile roki kali isiyopambwa ya miaka ya 1970. Hilo la pili lina ukweli mwingi. La kwanza limerudiwa kwa zaidi ya miaka 50 na bado si kweli, nalo ndilo linaloniuma, kwa sababu linawanyima watu watano haki ya jasho lao. Hapa chini nayachukua madai yanayorudiwa kuhusu albamu hii, moja baada ya jingine, na kuyajibu.

Watu hao ni Iggy Pop (jina la kuzaliwa James Osterberg) kwenye sauti, Ron Asheton kwenye gitaa, mdogo wake Scott kwenye ngoma, Dave Alexander kwenye besi, na Steve Mackay kwenye saksafoni. Bendi ilikuwa ya Ann Arbor, jimbo la Michigan, si mbali na viwanda vya magari vya Detroit. Albamu ilitolewa na kampuni ya Elektra Julai 1970, na jina lake walilitoa kwenye nyumba ya zamani ya shambani walimokuwa wakiishi pamoja.

"Walilewa, wakapiga ovyo, mashine ikarekodi"

Mwaka 1999 kampuni ya Rhino ilitoa mkusanyiko wa diski 7 wenye kazi yote ya siku zile za studio. Nilipousikiliza kwa mara ya kwanza nilinyamaza. Wimbo wa Loose peke yake wanaurudia zaidi ya mara 20. Wanaanza, mmoja anateleza, wanasimama, wanahesabu upya, wanaanza tena. Gitaa la Ron linarudi palepale, mpangilio haubadiliki sana. Wanachokitafuta ni msukumo, na hawaondoki mpaka waupate. Mlevi anayebahatisha hafanyi hivyo.

Hata ule ukwaruzo wa sauti una historia. Prodyuza alikuwa Don Gallucci, yule yule aliyepiga kinanda kwenye wimbo Louie Louie wa bendi ya The Kingsmen mwaka 1963. Alipowaona jukwaani hakuamini kwamba kitu kile kinaweza kuingizwa kwenye santuri. Studio ya Elektra mjini Los Angeles ilikuwa imetengenezwa kwa muziki wa utulivu: mazulia, kuta za kumeza mwangwi, vizuizi vya kutenganisha kila chombo na mwenzake. Wakajaribu kurekodi kwa utaratibu huo na muziki ukapoa kama chai iliyosahaulika. Basi wakaviondoa. Wakajipanga chumba kimoja kama wako jukwaani, Iggy kashika maikrofoni mkononi, wote wakapiga kwa pamoja. Gitaa likavujia kwenye maikrofoni za ngoma, ngoma zikavujia kwenye sauti ya mwimbaji. Fundi sauti wa wakati ule angeliita hilo kosa. Wao walilichagua, wakashughulikia takriban wimbo mmoja kwa siku, mwezi Mei 1970.

"Ni heroini iliyoipa albamu ukali wake"

Bangi na LSD zilikuwepo, na Iggy hajawahi kulificha hilo. Lakini heroini iliiteka bendi baada ya albamu kukamilika, na ilichofanya ni kubomoa. Alexander naye alifukuzwa Agosti 1970 kwa sababu ya pombe, mwezi mmoja tu baada ya albamu kutoka. Mwaka 1971 Elektra ikaachana nao na bendi ikasambaratika. Alexander alifariki 1975 akiwa na miaka 27. Inasikitisha mtu kuyasifia yale yaliyowabomoa.

"Hawakujua muziki"

Kabla ya kuimba, Iggy alikuwa mpiga ngoma. Akiwa kijana alikwenda Chicago kujifunza kwa Sam Lay, mpiga ngoma mkubwa wa blues aliyewahi kupiga na Howlin' Wolf na Muddy Waters. Kule alikubali jambo moja: hawezi kuwaiga wale wazee Weusi, itabidi atafute lugha yake mwenyewe. Alimpenda James Brown wa muziki wa fanki, alimpenda John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, na yote mawili yanasikika humu.

Chukua Dirt, wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza. Unachukua dakika 7 hivi. Hauna haraka hata kidogo. Ngoma zinatembea polepole, halafu besi ya Alexander inaingia na kushika njia, noti chache tu, kila moja imeachiwa nafasi ya kupumua. Gitaa linakuja juu yake kama mtu anayelalamika peke yake chumba cha pili. Iggy hapigi makelele. Ananong'ona, anaugua, anajizuia. Anayesema panki ni kasi tu, na asikilize hapa kwa spika za masikioni, taa zikiwa zimezimwa.

Halafu geuza santuri. Upande wa pili ndiko anakoingia Mackay na saksafoni. Wimbo unaobeba jina la albamu una mdundo wa kucheza kabisa, wa kifanki, huku saksafoni ikipasua juu yake. L.A. Blues, wa mwisho, ni dakika 5 hivi za jazi huru isiyo na mdundo wa kushika, na umekatwa kutoka kwenye kipande kirefu zaidi walichopiga studio.

"T.V. Eye ni wimbo kuhusu televisheni"

Hapana. Ulikuwa msemo wa dada yao akina Asheton na wasichana wenzake, kwa ajili ya mwanamume anayemkodolea mtu macho ya tamaa.

"Panki ilizaliwa London mwaka 1976"

Sex Pistols wenyewe, bendi ya panki ya London, walirekodi No Fun, wimbo wa albamu ya kwanza ya The Stooges ya mwaka 1969. The Damned, wenzao wa London, walifunga albamu yao ya kwanza, ya 1977, kwa wimbo 1970 kutoka Fun House, wakauita I Feel Alright. Na mbali kabisa na London, kijana wa Ann Arbor aitwaye Deniz Tek alihamia Sydney, Australia, kusomea udaktari. Mwaka 1974 akashiriki kuanzisha bendi ya Radio Birdman, miaka miwili kabla ya hiyo tarehe ya London. Jina la bendi linatokana na maneno ya wimbo 1970 yaliyosikika vibaya. Ukumbi wao wa baa wakauita Funhouse.

Baadaye bendi ya The Birthday Party iliipiga Loose jukwaani, na mwaka 2000 bendi ya Rage Against the Machine ikarekodi Down on the Street.

"Ilitikisa ilipotoka"

Haikuuza. Hata singo ya Down on the Street, ambayo Gallucci aliiongezea kinanda ili redio iikubali, haikusaidia kitu. Walioinunua walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya sifa hizi ilikuja wakati bendi haipo tena.

Agosti 2005, kwenye ukumbi wa Hammersmith jijini London, waliipiga albamu nzima mbele ya umati: Iggy, Ron, Scott na Mackay, huku nafasi ya Alexander ikishikwa na Mike Watt. Ron alifariki Januari 2009. Bendi ikaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la roki la Marekani, mwaka 2010.