Mkono hauzibi mtandao

"Usishike hapo chini, unaziba mtandao." Nimeisikia tena, safari hii kwa fundi simu, mtu anayejua kazi yake.

Athari ya mwili kwenye antena ni upungufu wa nguvu ya mawimbi simu inapokuwa mkononi, sikioni au mfukoni. Mwili umejaa maji na chumvi, kwa hiyo hufyonza sehemu ya nishati ya redio. Simu nayo hulazimika kuongeza nguvu ya kurusha, na betri ndiyo inayolipa. Hapo hatugombani. Ugomvi wangu ni hilo neno kuziba.

Kwa Kilatini, antena ilikuwa foromali, ule mti unaofungiwa tanga. Baadaye jina likahamia kwenye papasi za wadudu, kisha kwenye waya wa redio. Kama foromali inavyokatwa kwa kipimo cha tanga, ndivyo antena inavyokatwa kwa kipimo cha wimbi. Kwenye masafa ya simu ya megahetsi 900, wimbi lina urefu wa sentimita 33 hivi. Robo yake, kama sentimita 8, ndiyo antena ya kawaida kabla mafundi hawajaikunja iingie ndani ya simu. Sasa kidole kikiisogelea, antena inakuwa kama imerefushwa. Inahama masafa yake, mithili ya redio iliyosukumwa kidogo kando ya stesheni. Mawimbi bado yanafika, ila antena haiyapokei vizuri.

Mkumbuke iPhone 4 ya mwaka 2010, ambayo fremu yake ya chuma ndiyo iliyokuwa antena. Kidole kimoja tu kwenye ule mwanya mweusi wa kushoto chini kilitosha kushusha vijiti vya mtandao. Kidole kimoja kitaziba nini? Apple wakagawa kava bure, na watu wakapumua. Kava haikuukondesha mkono wa mtu. Ilitenga ngozi na chuma, basi.

Kwa hiyo, fundi, kumwambia mteja asogeze kidole ni sahihi kabisa. Mwambie tu kwamba kinavuruga antena. Na siku ukiletewa simu inayotumia 5G ya gigahetsi 28, ambako wimbi lina sentimita moja tu na kiganja kinalikinga kweli, hapo sema kuziba, sitakukatiza.